Jina Lililodaiwa Redioni

Mama yangu anaishi peke yake Ruring'u, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Kwetu Wakikuyu mwanamke huzaliwa mara ya pili mjukuu anapopewa jina lake, na mama hakuwa na mwingine wa kumzalia huyo mjukuu ila mimi. Nami nikaolewa na fundi wa stima, mtu wa nyaya na soketi, wa kabila jingine kutoka kando ya ziwa. Tulipopata binti, zamu ya jina ilikuwa ya mama mzazi wa mume wangu. Ndivyo desturi yetu isemavyo. Mume wangu akasema, "Jina mpeni huyu mathe wa hapa. Yule wangu ako na wajukuu wengi." Mama alilia mbele ya manesi bila aibu. Akamshika mkono mkwewe, akamwambia, "Wewe ni kijana yangu, si mkwe." Mtoto naye, mama akawa anamwita "mimi mdogo".

Redio nayo mama alinunuliwa na mkwe huyo huyo, ile yake kuukuu ilipoanza kukoroma.

Ukaja msimu wa kampeni. Mtangazaji wa asubuhi alikuwa na sauti tamu ya kubembelezea mtoto, na kwa sauti hiyo alituambia kila siku kwamba nyumba yetu sisi Wakikuyu inaingiliwa. Hakumtukana mtu, alikuwa mjanja kuliko hapo. Aliuliza maswali tu. Je, jirani yako atapiga kura na nani? Je, shamba lako litarithiwa na nani? Mama akaanza kunisimulia maneno ya mtangazaji huyo kana kwamba ni mtu wa ukoo. "Ati huyo kijana anasema tu ukweli," aliniambia. Kisha akaacha kuja kwetu Skuta baada ya kanisa. Mume wangu akimpigia, simu haina chaji. Haina chaji, katika nyumba ambayo mkwe mwenyewe aliijaza soketi kila ukuta!

Asubuhi moja nilikuwa saluni yangu namsuka mteja, redio iko juu ya rafu ya mafuta kwa sababu wateja huipenda. Binti yangu, miaka mitatu, alikuwa sakafuni akichezea kitana. Swali la siku lilikuwa: jina lako umemwachia nani? "Majina yetu yanabebwa," mtangazaji akasema kwa Kikuyu, "na watu ambao hawatapiga kura na sisi hata siku moja." Akapokea simu. Aliyepiga akataja jina lake, akasema yuko Ruring'u.

Mteja akainua kichwa. "Si huyo ni mamako?"

Alikuwa mama. "Mimi nilidanganywa," akasema. "Jina langu liko katika nyumba ya wale watu. Nataka wanirudishie."

Mtangazaji akampongeza, akabonyeza yale makofi yake ya mashine, kisha likaja tangazo la chakula cha ng'ombe. Nilisimama na nywele za watu mkononi nisijue nilikuwa nimefika wapi. Binti yangu akaruka kwa furaha kumsikia nyanya yake. "Shosho amesema jina yangu kwa redio!"

Mume wangu alikuwa amekwisha kusikia; huko saiti walikokuwa wakivuta nyaya, redio ilikuwa ile ile. Hakufoka. Alisema, "Jina ni lake. Arudishiwe." Tangu siku hiyo akamwita mtoto kwa jina la mamake yeye, yule wa ziwani. Nami nikafuata, kwa hasira, na majirani na walimu wakatufuata sisi.

Kura zikapita, miaka ikasogea. Wakubwa waliokuwa wakirushiana maneno wakaketi meza moja wakala. Mtangazaji yule yule, sauti ile ile, akamwalika mgeni kutoka ziwani, akacheka naye, akatufundisha kusalimu kwa lugha ya huko. "Yaliyopita si ndwele," akasema. Ndwele! Angeijuaje yeye, na hakuna aliyekosekana mezani kwake? Namchukia mtu huyo, nasema wazi, na kipindi bado anacho.

Jumapili iliyofuata mama akabisha mlango wetu na kiondo cha nduma na ndizi mbivu, amefunga kitambaa chake cha kanisa. Mume wangu akainuka, akampa kiti, akamwita mathe kama zamani.

"Hiyo ilikuwa siasa tu," mama akasema. "Saa hii si tumepatana?"

Tumepatana, anasema, kama aliyekuwa kwenye ile meza. Nilitaka kumjibu, lakini mtoto akatokea chumbani. Alikuwa amerefuka, meno ya mbele yameng'oka. Mama akatua kiondo, akafungua mikono, akaita lile jina lake mwenyewe. Akaliita tena, polepole. Binti yangu alimtazama kwa adabu, kisha akageuka nyuma aone ni nani anayeitwa.