Mkono wa Kuume

Jirani yangu hapa Thornton Heath, London, humwagia maji kibaraza chake siku za joto, na harufu ya jiwe la moto lililolowa huingia chumbani kwangu hata nikifunga dirisha. Hiyo ndiyo harufu ya lile korongo la mto, kule Kenya. Wengine huipenda, mimi huikimbia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mdogo wangu Neema tisa, Baba alipotupeleka Kenya likizo ya shule, kaskazini alikozaliwa, nchi kavu isiyootesha kitu ila miiba. Alitaka tuuone mto aliotusimulia miaka yote aliyokuwa akibeba mizigo uwanja wa ndege, tukiishi Hounslow, karibu nao. Mama alibaki, maana kazi yake ya kutunza wazee haikumpa ruhusa.

Baba aliazima mtumbwi kwa binamu yake. Tungeshuka na mto mchana, tulale mchangani, asubuhi tutokee mwisho wa korongo. Sisemi uongo, palikuwa pazuri. Kuta za mawe mekundu zilipanda pande zote mbili mpaka mbingu ikabaki utepe, na mbayuwayu walitoka kwenye nyufa wakigusa maji. Baba aliimba, jambo ambalo London sikuwahi kulisikia. Usiku ulileta baridi ambayo hatukuitarajia jangwani, fisi wakacheka ng'ambo, na Neema akalia mpaka kwikwi zikamshika. Baba alikuwa amechoka. "Wacha kulia, mama," alimwambia tena na tena. "Nimesema wacha kulia!" Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa kali.

Asubuhi maji yalikuwa yamepanda na kugeuka rangi ya chai ya maziwa, kumbe mvua ilinyesha mbali huko milimani. Maboya ya kuvaa yalikuwa mawili, Baba akatuvisha sisi. Neema alikaa mbele na kafi lake dogo, mimi katikati, Baba nyuma. Korongo lilipobana tuliona mwamba umesimama katikati ya mkondo. Baba akapiga kelele, "Neema, kulia! Kulia!" Alitaka Neema apige maji tupite upande huo. Lakini Neema alizaliwa London. Kwetu pande zilitajwa kwa Kiingereza, left na right, kwenye gari na barabarani, na neno lile alilijua kwa maana moja tu, ile aliyokemewa nayo usiku. Akaweka kafi mapajani, akageuka, macho makavu, akasema kwa hasira, "Dad, I'm not crying!" Mtumbwi ukagonga mwamba kwa ubavu. Baba alitusukuma juu ya jiwe, mmoja baada ya mwingine, kisha maji yakamchukua. Wachungaji wa mifugo waliupata mwili wake kesho yake, mto unapopinda.

Mama aliniuliza mara moja tu ilikuwaje, tukiwa jikoni, mlango umefungwa. Nilipomaliza alinishika mabega. "Neema asijue. Hilo neno nisilisikie humu ndani." Tangu siku hiyo kwetu kulikuwa na mkono wa kushoto na mkono wa kuume, na wageni walitutania kwamba tunaongea kama wahubiri. Mama alikufa na sharti lake. Neema hakulia katika mazishi ya Baba wala ya Mama, na watu wakamsifu kwa ujasiri.

Jumapili iliyopita alikuja kula kwangu na mwanawe Imani, wa miaka minne, ambaye anajifunza Kiswahili kwenye simu kwa sababu mama yake hataki akikose kama alivyokikosa yeye. Nilikuwa nikipakua wali mtoto alipoinua mkono wake wa kuume. "Kulia, Auntie! This one is kulia!" Neema akacheka. "That's what the phone says. Si ni kuume?" Niliweka mwiko chini. Alinitazama, kicheko kikamwisha. "He meant right," akasema polepole. "He wasn't telling me off." Kumbe miaka yote hiyo aliamini kwamba neno la mwisho la baba yake kwake lilikuwa karipio, ndiyo maana hakulia tena kamwe. Sisi tuliodhani tunamkinga ndio tuliomwacha na mzigo huo. Uso wake ulifunguka, ukawa wa yule mtoto wa mtumbwini. Kisha nikauona ukijifunga tena, taratibu, alipofika kwenye lile jingine, lile alilolihofia Mama: kwamba Baba alimwambia apige maji, naye akaweka kafi mapajani. Zamani tuliweza kufunga mlango wa jikoni; leo neno limo kwenye simu ya mtoto. Imani alikuwa bado ameinua mkono, akingoja tumsifu.