Kiti cha Kushoto

Gari yangu ya kwanza ilikuwa ndogo, na niliinunua kwa nguvu zangu, mimi niliyeacha masomo mapema. Pale mtaani kwetu Makomeno ilinifaa sana. Kwenda Likasi kila juma, kwa mama ya muke wangu, haikufaa, lakini nani angenifundisha mimi?

Volan, ule usukani, ilikuwa kuume, na kwetu magari yanapita kuume mwa njia, kwa hiyo nyuma ya kamio, malori makubwa ya kubeba shaba, sikuona mbele. Muke wangu, kwenye kiti cha kushoto, ndiye alinichungulia njia.

"Bado, papa. Kamio ingine inakuja."

"Umeanza lini kuwa shofere?" Nilicheka, nikatoka kupita kamio ya mbele yetu. Moteri ikalia tu, haikuvuta. Nikafunga breki, nikarudi nyuma, na ile kamio iliyokuja ikapita, ikabeba kioo cha upande wa muke wangu. Moteri hiyo naisikia mpaka leo, hata nikiwa mezani nakula.

Tulipofika nyumbani akaniuliza: "Papa, ingetugonga, ingeanza na mimi. Ulijua?"

Nilijua.

Leo niko na gari kubwa, volan kushoto, inameza vilima vyote. Lakini tangu siku ile muke wangu hapandi tena gari yangu; anapanda bisi kwenda kuona mama yake. Mimi namufuata nyuma mpaka Likasi, na bisi hiyo siipiti.