Droo Sita za Wiki ya Majaribio

Siku yangu ya kwanza kazini Dar es Salaam nilifika karakana saa moja asubuhi, na shati nililolipiga pasi kwa uangalifu lilikuwa limeshagandamana na mgongo. Kwetu Kola, upande wa Kenya kwenye ukavu, jasho hukauka kabla hujalifuta. Dar lilinidondoka puani hadi kwenye mbao, nikaona aibu kana kwamba nimeitemea mate. Penseli iliteleza vidoleni. Hewa yenyewe ilikuwa nzito, kama ya jikoni sufuria inapofunuliwa.

Nilipewa wiki moja ya majaribio: kabati moja, droo sita. Zikikubalika, nimeajiriwa. Na acha nikiri: niliwaambia nimesomea useremala chuoni. Uongo. Nilijifunza peke yangu, kwa kufungua fanicha kuukuu nilizonunua soko la Tala, huko kwetu, na kuziunga upya. Kwa hiyo nilifanya kazi kwa hofu ya kugunduliwa. Mbao zilikuwa zimetoka kwenye tanuri la kukaushia. Nilipiga randa, nikapima, nikapiga tena, hadi hata unywele haukupita kati ya droo na fremu. Ijumaa, droo zote sita ziliteleza vizuri.

Jumatatu Fundi Mkuu, mzee mfupi asiyepandisha sauti, akavuta droo ya kwanza. Haikutoka. Ya pili vilevile. Akaegemeza mguu kwenye kabati, akavuta kwa mikono miwili.

"We Mkenya, hili kabati au jeneza?"

"Mwacheni, labda kwao wezi wengi!" akadakia mmoja wa wapaka rangi. Karakana nzima ikacheka.

"Mzee, pole sana," nikasema. "Niko na kitu nataka kukuambia." Nikamwambia yote, hata habari ya chuo.

Akatoa mfukoni kipande cha boksi la kiberiti.

"Mbao kavu ikikutana na hewa hii inavimba. Hiki kikipita kati ya droo na fremu, weka randa chini. Hewa ya huku, mwanangu, hakuna chuo cha kwenu kingekufundisha. Haya, zichomoe zote. Wiki yako inaanza leo."

Nilikaa pale miaka minne. Umri wa kustaafu bado, ila kuajiriwa nimeacha; nina karakana yangu Kola. Kwenye ukavu wa huku nafasi ile ni kubwa mno, droo zingecheza. Lakini kipande kile ninacho. Nikijikuta napiga randa mara ya nne droo iliyokwisha kuwa sawa, naweka randa chini, nakishika kwanza.

Juzi mteja mmoja aliniuliza nimesomea wapi.

"Sijasomea popote, mama. Vuta droo uone."

Akavuta. Mpaka ilipotoka, nilikuwa nimezuia pumzi.