Diski za Bi Kuwabara

Mimi nauza printa, kijana jirani yangu anauza laptopu, na hapa ghorofa ya tatu, Akihabara, mtaa wa maduka ya elektroniki Tokyo, kati yetu kuna njia moja nyembamba, kwa hiyo namsikia kutwa. Hafungui laptopu kabla hajaifuta kifuniko kwa kiganja, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso. Mwaka mzima wateja wamemsumbua kwa swali moja: diski mpya za picha safi ziko aina mbili, na mashine ya aina hii haisomi za aina ile, sasa wachukue ipi? Yeye huwauliza tu kwa sauti ya chini, “Unataka kuhifadhi nini?” kisha huwaacha wachague wenyewe.

Mara moja tu alichagua yeye. Mteja wake mzee, Bi Kuwabara, alikuwa na video za marehemu mumewe akipiga ngoma kwenye sherehe za mtaa. “Usinizungushe, kijana. Ningekuwa mama yako, ungenipa ipi?” Akamwonyesha aina moja, naye akainunua. Februari hii, watengenezaji wa aina ile wakatangaza wanaiacha. Asubuhi hiyohiyo kijana akampigia Bi Kuwabara simu, ameinama mpaka paji la uso likagusa kibodi.

“Nimekupotosha, mama. Nisamehe sana.”

Bibi akacheka hadi nikamsikia. “Hebu inuka, najua umeinama. Mume wangu bado anapiga ngoma humu. Ila diski tupu zimenibakia mbili tu.”

Mchana hakula, alitoka kwenda kuzunguka madukani. Jioni alirudi na mifuko miwili ya diski tupu za aina ile, ambazo Tokyo nzima haikuzitaka tena, akakaa anazifuta moja moja kwa kiganja.