Kila mvua ilipoanza, Mayige alitoka

Ni alasiri ya Novemba, na mvua inawakuta waombolezaji kaburini. Jeneza limekwisha kushuka. Wanaume wanaharakisha majembe, wanawake wanajifunika khanga. Kashindye, aliyefiwa na mumewe jana yake, anamkodolea macho mtu mmoja tu: Ng'washi, muuza pombe wa bondeni, anayelia kwa sauti kuliko hata ndugu wa marehemu.

"Nikajiambia, kumbe kweli ni huyu," anasimulia Kashindye.

Marehemu ni Mayige, msimamizi wa josho la ng'ombe katika kitongoji kimoja cha kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi. Alianguka asubuhi akichota maji, akakata roho kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana.

Katika miaka tisa ya kazi hiyo alikuwa na tabia moja iliyomnyima mkewe raha. Mvua ikianza, anatoka. Awe anakula, awe na wageni, awe kanisani, anajitupia gunia kichwani na kushika njia ya bondeni. Akiulizwa, anajibu kwamba anakwenda joshoni kugeuza kizibo.

"Nilimwambia, mimi si mtoto," anasema Kashindye. "Nani anaogesha ng'ombe kwenye mvua? Siku kama hiyo pale hakuna hata mbuzi. Na jirani na josho kuna nyumba moja tu. Mwenye nyumba namjua."

Josho hilo wanakijiji walilijenga kwa mikono yao. Wanaume walibeba mawe, wanawake walisomba mchanga na maji, serikali ikaongeza saruji, bati na dawa ya kwanza. Kabla ya hapo, ndigana inayoletwa na kupe ilikuwa ikimaliza ndama. Maduhu, mwenyekiti wa kamati ya josho, anasema kuna mwaka zizi lake lilibaki na majike tu yanayolia, bila ndama wa kunyonya. Josho lilipoanza kazi, ndama walikua, na baadhi ya familia zikaanza kupeleka maziwa Bariadi mjini.

Baada ya msiba, kamati ilimkabidhi Kashindye kazi ya mumewe kwa muda, kwa kuwa siku za kuogesha alizoea kumsaidia kuchanganya dawa na kuswaga ng'ombe. Posho ni shilingi elfu hamsini kwa mwezi, ikipatikana. Kwa mama wa watoto wanne ambaye shamba lake la pamba halikutoa kitu msimu uliopita, hakuna pato jingine.

Ilipofika Februari, kupe walikuwa wamerudi. Ng'ombe aliogeshwa, na siku chache baadaye kupe walionekana masikioni, wamenona kama punje za mahindi. Ndama wakaanza kufa, wa kwanza wakiwa wa Maduhu.

Watu walimbadilikia Kashindye. Akipita na ndoo, macho yanazama ndani ya ndoo. Akienda mjini, anaulizwa amefuata nini. Kisimani mwanamke mmoja alimtaka amwambie, huku akicheka, chupa ya dawa ya josho inakwenda bei gani mnadani Lalago.

Bwana mifugo wa kata, Joakim, alichota maji ya josho na kuyapeleka kupimwa. Majibu yalikuja kwamba dawa imepungua mno. Kwa wengi, hapo kesi ilikuwa imekwisha.

Ukaitishwa mkutano. Maduhu alisimama, akasema si mara moja wala mbili amemwona Mayige kwa macho yake akikimbilia joshoni mvua inaponyesha.

"Sisi wote tunakimbilia ndani, yeye anakimbilia kwenye dawa. Kufanya nini?" aliuliza. "Mume aliiba, mke amerithi. Mayu, mama yangu, usinikasirikie, nasema nilichokiona."

Akapendekeza mjane aondolewe kazini na kupelekwa polisi. Mikono ilikuwa imeanza kunyooshwa Joakim alipoomba kuuliza swali moja. Tangu Mayige afariki, mvua ikinyesha, nani anageuza kizibo?

Kisha akaeleza mwenyewe. Ng'ombe akitoka kwenye maji ya josho husimama kwanza kwenye sakafu ya saruji, achuruzike. Sakafu hiyo ina matundu mawili: moja linarudisha dawa joshoni isipotee, la pili linamwaga nje. Mvua ikianza, kizibo kinatakiwa kuhamishwa haraka kutoka tundu la pili kwenda la kwanza ili maji yote ya sakafuni yaende nje. Kisipohamishwa, mvua yote inaingia joshoni na dawa inageuka maji ya kawaida. Toka Novemba, kizibo kilikuwa hakijaguswa.

Kashindye anasema hajui kikao kiliendeleaje baada ya hapo.

"Nilikaa chini. Miaka tisa mtu ananiambia ukweli, na mimi naugeuza uongo. Hata siku namzika nilikuwa namtafutia mwanamke."

Kesho yake alishuka kwa Ng'washi. Anasema alipanga kuomba radhi, lakini akajikuta anaagiza togwa. Ng'washi akamsaidia. Alimweleza kwamba Mayige alikuwa akipita hapo ameloa chapachapa, anasalimia kutoka njiani, wala hakuwahi kuingia hata kujikinga.

"Mimi nilidhani ni wewe unamfukuza nyumbani mvua ikianza," Ng'washi alimwambia. "Nikawa namhurumia. Ndiyo maana nililia vile."

Walicheka wote wawili, anasema Kashindye, kisha yeye akalia, na togwa hakuimaliza.

Pendekezo la kumwondoa Kashindye halikupita, na dawa iliongezwa. Sasa mvua ikinyesha, anayeshuka bondeni ni Kashindye. Maji yakapimwa tena na kukutwa sawa, na kupe wamepungua. Lakini kwa Maduhu hilo halijathibitisha kitu. Anasema dawa inaweza kuwa imekaa kwa sababu wezi wameshtuka.

"Habari ya kizibo tumeisikia siku ya kikao. Miaka yote tisa ilikuwa wapi?" anauliza. "Bwana mifugo ni kijana mzuri, ila ng'ombe si wake."

Siku nyingine Maduhu humfuata Kashindye mpaka joshoni. "Anasimama na mwavuli, ananiangalia nageuza, halafu anaondoka," anasema mama huyo. "Hanitukani, hanisemeshi. Namkaribisha ashike kizibo mwenyewe, anasema ataloa."

Anachotaka Kashindye si kikubwa. Anataka mkutano uitishwe tena, na waliomwita mumewe mwizi waseme kwamba hakuwa mwizi, palepale waliposemea, watoto wake wakiwa wanasikia. Ameliomba hilo kwa kamati mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa asubiri masika ipite, waone. Masika ikapita. Mara ya pili aliambiwa asubiri na vuli ipite.

Kazi bado anayo, kwa muda uleule usiotajwa mwisho. Josho linafunguliwa Jumanne na Ijumaa. Stoo ya dawa ina kufuli mbili: ufunguo mmoja anao Kashindye, mwingine anao Maduhu, na siku Maduhu asipofika, ng'ombe wanarudishwa nyumbani bila kuogeshwa.