Salamu Upande wa Pili

Wiki hizi tatu nimekuwa nikisikiliza santuri nne tu, kwa sababu ndizo pekee katika sanduku la baba ambazo sindano hairukiruki juu yake. Moja ni albamu ya rumba ya Kongo, nyimbo ndefu ambazo gita huzunguka jambo lile lile mpaka unaanza kulielewa. Ya pili ni ya kwaya ya kanisa. Waimbaji wamebanana mbele ya maikrofoni moja na nyuma yao kuna mtu anakohoa. Ya tatu jalada lake lililiwa na panya na karatasi ya katikati imebanduka, kwa hivyo sijui ni ya nani, na nimegundua kwamba kutojua hakunizuii kuipenda. Ya nne ni santuri ndogo ya bendi ya kwetu magharibi, wimbo mmoja uliokatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa nyuma. Hiyo ndiyo iliyonifanya nifufue mashine ya santuri ya baba.

Siwaamini wanaosema santuri ina sauti yenye joto. Nimesoma mabishano yao mtandaoni na nikaona wengi wanapenda kupiga picha majalada kuliko kusikiliza. Ninachokubali ni kwamba santuri inakulazimisha ungoje. Unaweza kuinua sindano uruke mbele, lakini fundi aliyenitengenezea mashine alinionya kwamba kila nikiiangusha inaichimba santuri. Basi nakaa na wimbo tangu mwanzo.

Baba alikuwa karani kwenye ghala la mahindi hapa Eldoret, na alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kila tulipopata wageni. Zamani, kabla sijazaliwa, bendi hiyo ya kwetu ilikuja kupiga muziki mjini, lori lao likaharibika, na wanamuziki wakalala kwenye chumba chake kimoja siku tatu. Waliporudi kurekodi, mwimbaji alimsalimia baba ndani ya wimbo. "Nimo kwenye santuri," alikuwa akisema, na kuinua kile kisahani cheusi kama mtu anayeonyesha hati ya shamba. Mashine yetu iliharibika kabla sijaanza shule. Hakuna mtoto hata mmoja kati yetu anayekumbuka kuusikia wimbo wenyewe.

Alipofariki mwaka jana, mimi ndiye niliyeandika wasifu wake wa kusomwa mazishini. Niliandika alikosoma, alikofanya kazi, kanisa lake, watoto wake. Hadithi ya wimbo niliiacha. Nilikuwa nimeutafuta mtandaoni nikaukosa, na sikutaka kusimama mbele ya jeneza na kusoma jambo ambalo huenda mtu alilitunga kuburudisha wageni. Mama alisoma karatasi akiwa amesimama.

"Hukuandika ile ya wimbo."

"Sina ushahidi, Mama."

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya Biblia. Hakulitaja tena jambo hilo hadi mwaka huu, tulipoanza kupanga ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Aliniomba niandike maneno mapya. "Na safari hii," alisema, "usimpunguze."

Neno hilo lilinisumbua njia nzima hadi Kesses, karibu na chuo nilikosoma, ninakopanga chumba. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, nikachukua sanduku na ile mashine mbovu, nikampelekea fundi wa redio karibu na soko, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Itaimba, Mzee?"

"Itaimba. Ikikataa kuimba, itaongea."

Mkanda wa kuzungushia sahani ulikuwa umeoza. Alikata mwingine kutoka kwa tyubu ya baiskeli, akaufunga, akaweka santuri. Sauti ilitoka nzito, ikijikokota.

"Huyu wenu amelewa," fundi alisema. "Ngoja nimpe uji." Akakata mpira mwingine, mwembamba zaidi, na mwimbaji akarudiwa na akili.

Nilicheza sehemu ya pili mara nyingi chumbani kwangu. Lugha yetu naisikia zaidi ya ninavyoizungumza, kama wengi tuliozaliwa huku, lakini salamu zilikuwa wazi. Gita linapunguza kasi, na mwimbaji anawasalimia watu saba, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa na kalamu. Jina la baba halikuwepo. Nilirudia mpaka nikaridhika, na nakiri kwamba niliridhika kwa namna isiyo nzuri, kama mtu aliyeshinda kesi dhidi ya maiti.

Sikutaka kumwambia mama kwa simu. Nilibeba mashine hadi nyumbani, nikaiweka juu ya meza alipokuwa akichambua maharagwe, na kumwambia asikilize mwenyewe. Ilipofika salamu ya tano, mikono yake ilitulia.

"Huyo hapo," alisema.

"Mama, hilo si jina lake."

"Wewe unatafuta jina gani?"

Nikamtajia.

"Hilo ni la kitambulisho! Nani alikuwa anamwita hivyo? Karani mwenzake? Mtu mzima haimbiwi kwa jina la darasani. Anaitwa kwa ukoo wa mama yake. Si umesikia? Amesema 'mpwa wa', akataja ukoo, halafu 'uliyeko kwenye baridi.' Nyanya yako mzaa baba alizaliwa ukoo gani? Hicho chuo walikufundisha nini?"

Nilijua ukoo wa nyanya. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba baba anaweza kupatikana kupitia huko. Lakini hata hapo sikuweza kujizuia.

"Mama, wapwa wa ukoo huo waliokuja huku kwenye baridi kutafuta kazi wanaweza kujaza uwanja."

"Na wangapi walilaza wanamuziki sita siku tatu?" Alinitazama. "Unafikiri ni nani aliyewapikia? Nilikuwa na mimba ya dada yako. Nilisonga ugali mpaka mwiko ukavunjika."

Hadithi ya baba haikuwa na mwiko wowote. Haikuwa na mama pia, na mimi, ninayejidai kuuliza kila kitu, sikuwahi kuuliza nani alipika.

Niliandika pale pale mezani, nikamsomea: "Inasemekana alisalimiwa katika wimbo kwa ukarimu wake."

"Inasemekana na nani?"

"Ni namna ya kuandika."

"Iondoe."

Nilibishana kidogo. Nilimwambia kwamba kuamini kwake hakufanyi jambo kuwa kweli. Alisema hajaniomba niamini, ameniomba nisome. Nikalifuta neno. Kisha nikamuuliza kama niongeze kwamba ni yeye aliyepika.

"Hapana. Hiyo siku ni yake." Alirudi kwenye maharagwe yake. "Waliokula wanajua."

Ibada ni Jumamosi ijayo. Sentensi imebaki fupi, bila kinga: alisalimiwa katika wimbo kwa ukarimu wake. Nitaisoma kwa sauti mbele ya watu wa kwetu, mama akiwa kiti cha mbele, na nikiisoma bado nitakuwa sijui.