Dira Saba Mezani

Mama alipofariki kule Mbeya, mdogo wangu wa kike aliacha kusema. Alikuwa na miaka sita. Alikula, alicheza, alinishika mkono tukienda kisimani, lakini neno halikumtoka. Mwaka huohuo, katikati ya miaka ya hamsini, baba akahamishiwa Iringa. Alikuwa msaidizi wa wapima ardhi, na dira zikiharibika yeye ndiye aliyezitengeneza.

Jumapili moja ya mvua alipanga dira saba mezani, zimekaribiana, kuanzia yenye sindano kubwa hadi ndogo kabisa. Akasogeza kipande cha sumaku kwenye ile kubwa, akakiondoa haraka. Sindano ikatetemeka. Ya pili ikaifuata, ya tatu nayo, mpaka ile ndogo ya mwisho ikacheza kwa fujo. Hakuna aliyeigusa.

Mdogo wangu akasogea. Akachukua sumaku, akazunguka meza, akaichokoza ile ndogo. Ikazunguka vizuri tu, jirani yake ikatikisika kidogo, basi. Kubwa ilitulia tuli.

"Mbona kule haifiki?"

Sauti ilikuwa imekauka. Niligeuka kumtafuta aliyesema. Baba hakushangilia wala hakumkumbatia. Nadhani aliogopa kumtisha. Alimjibu kama vile walikuwa wakiongea tangu alfajiri.

"Sijui, mwanangu. Hebu tujaribu tena."

Walijaribu mpaka ugali ukapoa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa fizikia, nilisoma kwamba ndani ya sumaku yenyewe mitetemo hupita hivyo, kutoka chembe hadi chembe. Nikasoma pia kwamba zipo sumaku ambazo mpangilio wa chembe zake, ukiupindua kupitia katikati, kila chembe ikahamia upande wa pili, haufanani tena na ulivyokuwa, na katika baadhi ya hizo mtetemo wa kwenda haulingani na wa kurudi. Sababu yake si ukubwa, kama kwa sindano zetu, ni ya ndani zaidi. Hata hivyo nilipofika ukurasa ule nilifunga kitabu, nikalikumbuka swali la mdogo wangu.

Asubuhi iliyofuata Jumapili ile ya dira tulikuwa jikoni, baridi imetukamata, kila mtu na kikombe chake.

"Uji una moshi," mdogo wangu akasema.

"Kweli una moshi," baba akamjibu. Akaweka kikombe chini, akatoka nje kupasua kuni, ingawa zilizokuwepo zilitosha wiki nzima.